Nguo hukauka, maji huondoka: jibu kuhusu neno evaporate

Mkuu, umesema binti yako wa kidato cha kwanza hapo Lindi aliandika kwenye daftari la Kiingereza "My uniform evaporated in the sun", mwalimu akaweka alama ya kosa kwa wino mwekundu bila maelezo. Ukafungua kamusi, ukakuta evaporate ni kukauka au kugeuka mvuke, ukashindwa kuona kosa liko wapi. Waliotangulia wamekujibu "ni kuvukiza" wakaishia hapo. Mimi naomba nafasi ndefu kidogo, maana kosa la binti yako nililifanya mimi nikiwa mtu mzima mwenye familia, kazini, Mtwara, tena kwenye barua iliyokwenda nje ya nchi.

Nitaanzia kwenye chumvi, kwa sababu ndiko nilikoliona jambo lenyewe kwa macho kabla sijalijua jina lake la Kiingereza.

Nimekulia kando ya mashamba ya chumvi, pwani ya Lindi. Mama alikuwa kibarua wa kuvuna. Maji ya bahari huingizwa wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, kupitia lango dogo kwenye tuta. Yakishaingia lango hufungwa, na kuanzia hapo kazi ni ya jua na upepo wa kusi. Maji hukaa bwawa la kwanza, yakipungua husogezwa bwawa la pili, yakikolea zaidi hupelekwa kwenye vitalu vya mwisho vyenye kina kifupi. Huko ndiko chumvi huanza kuonekana, kwanza kama utando mwembamba unaong'aa juu ya maji, halafu punje zinazama chini na kutanda.

Lita 1,000 za maji ya bahari zina takriban kilo 35 za chumvi za aina zote, na kati ya hizo kilo 27 hivi ndiyo chumvi tunayoila. Lakini huipati upesi. Mpaka maji yabaki kama sehemu 1 kati ya 10 za ujazo wa mwanzo ndipo chumvi ya kula inaanza kushuka. Kabla yake hushuka chokaa, halafu jasi. Na ukiyaacha yaishe kabisa unavuna uchungu, kwa sababu mwishoni hushuka chumvi za magnesi. Ndiyo maana wazoefu huyamwaga yale maji mazito ya mwisho, hawayasubiri.

Sasa zile sehemu 9 zimekwenda wapi? Hakuna aliyezichota. Zimepanda hewani kidogo kidogo, mchana na hata usiku, bila kuchemka na bila mtu kuziona zikipanda. Kuondoka kwa namna ile ndiko Kiingereza hukuita evaporate.

Mama alikuwa akitazama kitalu jioni anasema, "Maji yanakauka vizuri, keshokutwa tunavuna." Akifika nyumbani ananiambia, "Nguo zimekauka, kazianue." Kwa Kiswahili hizo ni sentensi mbili zenye kitenzi kimoja. Kwa Kiingereza kila moja ina kitenzi chake, na ndipo binti yako alipokwama.

Kukauka kwetu kuna kazi nyingi mno. Nguo zimekauka. Kisima kimekauka. Maji ya ndoo yamekauka. Koo limekauka. Korosho zimekauka. Hata mboga iliyosahaulika jikoni imekauka. Tunasema hivyo kwa sababu jicho letu liko kwenye hali: palipokuwa na majimaji sasa hapana. Kiingereza kinauliza swali ambalo sisi hatulazimiki kuliuliza: unamzungumzia nani, aliyebaki au aliyeondoka? Nguo imebaki, kwa hiyo "The clothes have dried." Kisima nacho kimebaki, kitupu, kwa hiyo "The well has dried up." Maji ndiyo yaliyoondoka, kwa hiyo "The water has evaporated." Kitu kinachopewa kitenzi evaporate lazima kianze kikiwa kimiminika, na mwisho wa jambo kisiwepo tena pale kilipokuwa.

Sare ya binti yako haikuwa kimiminika, na jioni bado ilikuwa kambani. Ukiandika "My uniform evaporated", Mwingereza anaona kichwani mwake kamba tupu na vibanio vyake. Sare imegeuka hewa. Hivyo ndivyo sentensi ile inavyosomeka.

Niliwahi kudhani tofauti hii ni ya kitabuni tu, ya kupata na kukosa alama. Kazini nikajifunza vingine.

Nilikuwa karani wa ghala la korosho Mtwara, kwa kampuni moja iliyokuwa ikinunua korosho ghafi na kuzisafirisha India. Wenyeji wa huku hamhitaji kuambiwa korosho inavyopoteza uzito. Kila mkulima wa Tandahimba, Newala, Masasi na Ruangwa analijua neno unyaufu, yaani uzito unaopungua mzigo unapokauka, na wengi wamelichukia, kwa sababu ndilo linalotajwa mizani inapokataa kukubaliana na ile ya kijijini. Lakini unyaufu wenyewe, ukiachilia mbali wanaoutumia vibaya kumkata mkulima kilo zake, ni jambo la kweli na lina hesabu yake.

Tulikuwa na tani 40 zilizopokelewa zikiwa na unyevu wa asilimia 10. Maana yake ndani ya mzigo ule mlikuwa na tani 4 za maji na tani 36 za korosho kavu. Zikakaa ghalani wiki kadhaa za kiangazi, milango wazi mchana, upepo unapita. Tulipozipima tena unyevu ulikuwa asilimia 9. Zile tani 36 kavu hazikuguswa, ila sasa ndizo asilimia 91 ya mzigo. Gawa 36 kwa 0.91, unapata tani 39.56. Mzigo umepungua kilo 440 hivi, na hakuna punje moja iliyoibwa.

Nikaandika ripoti kwa Kiingereza kwenda kwa mnunuzi. Nakumbuka sentensi yangu neno kwa neno: "About 440 kg of cashew nuts have evaporated from the warehouse." Kichwani mwangu nilikuwa natafsiri "kilo 440 zimekauka". Niliona nimetumia neno la kisomi, nikatuma.

Majibu yalikuja siku ya pili, makali. Nani alikuwa zamu ya ulinzi? Funguo ziko kwa watu wangapi? Je, tumetoa taarifa polisi? Na malipo ya mzigo ule yasimame mpaka maelezo yapatikane. Nilisoma barua ile mara tatu bila kuelewa polisi wanaingiaje kwenye unyaufu.

Meneja wangu, mama mmoja mwenye Kiingereza kizuri, ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia, "Kijana wangu, umemwandikia huyu bwana kwamba korosho zake zimeyeyuka. Kwa Kiingereza mali iki-evaporate ghalani, maana yake imepotea na hakuna anayeeleza ilivyopotea. Kwake umekiri wizi." Akakaa akaandika upya: "The nuts lost about 440 kg in weight as moisture evaporated during storage." Korosho zimepungua uzito, kwa sababu unyevu umeondoka. Korosho zikapewa kitenzi chao, unyevu ukapewa chake. Akaambatanisha vipimo vya unyevu vya siku ya kupokea na vya siku ya kupima tena.

Mnunuzi alielewa, lakini malipo yalichelewa siku 11, na vibarua waliopakia magunia walisubiri ujira wao siku zote hizo. Nilikuwa napita mbele yao kila asubuhi. Ndiyo sababu nachukulia swali lako kwa uzito, mkuu. Neno moja liliwalaza watu na njaa.

Sasa kuna jambo litakalokuchanganya, bora niliseme kabla hujalikuta. Dukani kuna maziwa ya kopo yameandikwa evaporated milk. Utauliza: mbona maziwa yapo, hayakuondoka? Jibu ni kwamba kitenzi hiki kina sura mbili. Ya kwanza ni hii tuliyoizungumza, ambamo maji yanaondoka yenyewe: "The water evaporated." Ya pili ina mtendaji anayeyaondoa: "The sun evaporates the water", jua linayageuza maji kuwa mvuke. Kwenye sura hii ya pili Kiingereza kinaruhusu kutaja mchanganyiko mzima kama kitendwa, ilimradi uwe kimiminika. Kiwandani hu-evaporate maziwa kwa kuyatoa takriban asilimia 60 ya maji yake, kinachobaki ni maziwa mazito. Shamba la chumvi nalo hu-evaporate maji ya bahari, na kinachobaki ni chumvi. Kanuni ya kimiminika haijavunjika, maana maziwa ni kimiminika na maji ya bahari pia. Sare siyo.

Binti yako atakutana na sura hiyo ya pili kwenye Kemia muda si mrefu, siku watakapotenganisha chumvi na mchanga. Wataambiwa wayeyushe chumvi kwenye maji, wachuje mchanga, halafu kitabu kitasema "evaporate the solution to dryness". Maana yake upashe moto mpaka majimaji yote yaondoke, kibaki kikavu. Hapo ataona dry na evaporate zimesimama kwenye mstari mmoja, kila moja na kazi yake.

Kwa sura hizo mbili linakuja kosa jingine la kwetu, la kuongeza was pasipohitajika. Dimbwi la barabarani likiisha lenyewe, andika "The water evaporated." Ukiandika "The water was evaporated", msomaji anatafuta nani aliyefanya hivyo, kama fundi wa maabara.

Tofauti ya evaporate na boil usiipite haraka, kwa sababu walimu wengi huzieleza kama ni kitu kimoja chenye moto mdogo na moto mkubwa. Kuchemka kuna nyuzi yake. Usawa wa bahari, yaani hapa Lindi mjini na Mtwara mjini, maji huchemka nyuzi 100 za Selsiasi. Ukipanda Newala, juu ya uwanda wa Makonde, hupungua nyuzi 2 hivi. Na yakichemka, viputo vya mvuke hupanda kuanzia chini kabisa ndani ya sufuria. Evaporate haina nyuzi maalumu na haihitaji moto. Hutokea juu ya uso wa maji tu, wakati wowote, hata maji yakiwa ya baridi. Nguo iliyoanikwa kivulini hukauka. Nguo iliyoanikwa usiku nayo hukauka, ila polepole. Mwezi wa Julai, kusi likipiga na hewa ikiwa kavu, kanga nzito inakauka kabla ya adhuhuri. Mwezi wa Machi, hewa imejaa unyevu, kanga ileile inalala kambani mpaka inanuka uvundo. Jua la Machi si dogo, lakini hewa iliyokwisha kushiba haipokei.

Bibi yangu hakujua neno hata moja la Kiingereza, na alilijua jambo hili kuliko mimi. Mtungi wake wa maji ulikaa pembeni ya mlango, kwenye njia ya upepo, na alikuwa mkali ukiusogeza. Ule mtungi wa udongo unavuja jasho dogo dogo kupitia vitundu vya udongo wenyewe. Jasho lile likigeuka mvuke huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Gramu 1 ya maji ikiondoka hivyo huchukua joto linalotosha kupoza lita 1 iliyobaki kwa zaidi ya nusu nyuzi. Mtungi ukiwa kwenye upepo unapoza vizuri, ukiwa kona isiyo na hewa haupozi. Ndoo ya plastiki haina vitundu, kwa hiyo iweke popote utakapo, maji yatakuwa ya uvuguvugu tu. Mwili wetu hufanya vilevile, na Kiingereza chake ni "Sweat cools the skin as it evaporates." Mfundishe binti yako sentensi hiyo, ni nzuri kwa Biolojia.

Kuna pia vaporize. Ni ndugu wa tumbo moja na evaporate, wote wametoka kwenye neno la Kilatini vapor, yaani mvuke. Evaporate limeongezewa silabi ya mbele yenye maana ya kutoka, kwa hiyo ndani yake kuna picha ya mvuke unaotoka na kwenda zake. Vaporize lenyewe halijali kama mvuke umekwenda zake au umebaki bombani. Linasema tu kwamba kitu kimefanywa mvuke, mara nyingi kwa makusudi, kwa nguvu, kwa mtambo. Dimbwi likiisha juani usiseme limevaporaizi.

Huku kwetu neno hilo la pili tutalisikia zaidi siku zijazo kwa sababu ya gesi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay kule Msimbati 1982, na Likong'o hapo Lindi ndipo palipotengwa kwa mtambo wa kuigeuza gesi ya baharini kuwa kimiminika. Gesi hiyo hupozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, ujazo wake unapungua kama mara 600, ndipo inapakiwa melini. Ikifika kwa mnunuzi hupashwa joto irudi kuwa gesi, na mtambo wa kufanya hivyo huitwa vaporizer. Njiani baharini sehemu yake hugeuka gesi yenyewe kwa joto linalopenya kwenye matangi, na hapo unaweza kusema some of it evaporates. Vijana wanaotaka kazi huko washike tofauti hiyo mapema.

Vidonge vyeupe vya kuweka kabatini kuzuia nondo navyo huisha vyenyewe, lakini havikuwahi kuwa majimaji. Vimetoka kwenye ugumu moja kwa moja mpaka hewani. Hilo lina neno lake la kisayansi, sublime, tusilichanganye na letu.

Waliokujibu "ni kuvukiza" hawakukosea, ila kuvukiza kwa Kiswahili kuna mtendaji ndani yake. Ni kufanya kitu kitoe mvuke au moshi, na lipo karibu sana na kufukiza. Tunafukiza ubani, tunafukiza udi, na mwenye mafua anajifukiza: anakaa na nyungu yake ya majani ya mwarobaini na mchaichai, kajifunika blanketi, anavuta mvuke. Kwa hiyo kuvukiza kunafaa kwa ile sura ya pili, jua linavukiza maji. Kwa sura ya kwanza, maji yenyewe yakiondoka, mimi huona ni salama zaidi kusema maji yamegeuka mvuke, au maji yamekauka kama muktadha unajieleza. Na tafadhali, kujifukiza kusiandikwe kamwe kwa kutumia evaporate. Nimeona mwanafunzi kaandika "I evaporated myself with neem leaves." Huyo kajiangamiza. Sema "I inhaled steam from neem leaves."

Hapo ona pia kwamba Kiingereza kina steam na kina vapour, wakati sisi mvuke unatutosha kwa vyote. Steam ni ya maji yaliyochemka, ya chunguni, ya birikani. Vapour ni pana zaidi, na mvuke wa maji kwa maana hiyo hauonekani kwa macho. Kile cheupe unachokiona juu ya chungu ni vitone vidogo vya maji vilivyokwisha kupoa. Ndiyo maana juu ya shamba la chumvi huoni kitu kikipanda, ingawa maelfu ya lita yanaondoka.

Sasa matumizi ya mafumbo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo matamu kuliko yote, na ndiyo yaliyoniponza kwa yule mnunuzi.

Kiswahili kinapotaka kusema jambo lisiloshikika limetoweka, kinatumia kuyeyuka. Matumaini yameyeyuka. Hela imeyeyuka. Au tunasema ndoto imeota mbawa. Kuyeyuka kwa maana yake ya mwanzo ni barafu au samli kugeuka majimaji, ambayo Kiingereza ni melt. Mwanafunzi hodari huchukua kamusi, anaandika "My hopes melted." Mwingereza ataelewa kwa taabu. Yeye husema "My hopes evaporated." Picha ya kwetu inaishia kwenye majimaji, ya kwao inaendelea mpaka hewani. Melt inaweza kuingia ikiongezewa away, kama "The crowd melted away", watu walitawanyika kidogo kidogo. Bila hilo away, melt kwa mambo ya moyoni huwa ni huruma au upendo: "My heart melted" ni moyo umelainika, haujapotea popote.

Majina yanayopenda kukaa na evaporate kwa njia hii ni yale ya vitu visivyoshikika vilivyokuwepo kwa wingi halafu vikapungua mpaka vikaisha: matumaini, ujasiri, hamasa, hasira, uungwaji mkono, faida, akiba. "Her confidence evaporated when she saw the exam paper." Ujasiri ulimwisha alipoiona karatasi ya mtihani. Kwa bidhaa za ghalani umeshaona hatari yake. Kwa mtu aliyetoroka madeni, sisi tunasema jamaa kayeyuka, lakini usimwambie Mwingereza he evaporated. Tumia disappeared, au vanished.

Mfano mkubwa kuliko yote uko hapahapa kwetu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake. Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa reli na ilipangwa bandari kubwa ya Mtwara. Udongo ukawa mgumu, visiki vikavunja mashine, mvua haikuja ilivyotarajiwa, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Bandari tunayo mpaka leo, reli ilikuja kung'olewa. Ukitaka kuandika habari hiyo kwa Kiingereza, sema "Hopes of a great harvest evaporated within a few years." Matumaini ndiyo yaliyoondoka. Kuhusu reli huwezi kulitumia, kwa sababu reli ni chuma na ilibebwa na watu, kila mzee wa Nachingwea aliyeiona ikibebwa angekushangaa.

Upande wa matamshi, sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana wengi husema evapoREti. Mkazo uko kwenye VA: i-VA-po-reit. Jina lake evaporation mkazo unahama, unakwenda kwenye REI. Na tahajia: vapour kwa Kiingereza cha Uingereza, tunachofundishia, ina u kabla ya r ya mwisho. Wamarekani huiacha, huandika vapor. Lakini evaporate haina hiyo u popote duniani. Binti yako akiandika evapourate, atakosa alama hata sentensi ikiwa sahihi.

Akitaka kusahihisha sentensi yake, mruhusu achague anamzungumzia nani. Akitaka kuizungumzia sare, aandike "My uniform dried in the sun." Akitaka kuyazungumzia maji, aandike "The water in my uniform evaporated in the sun." Na akitaka kumwonyesha mwalimu kwamba ameelewa zote mbili, aziunge: "My uniform dried because the water in it evaporated." Mwambie pia asione aibu kurudi kumuuliza mwalimu kwa nini aliweka alama ile. Mimi nilisubiri miaka mingi na barua ya kutaja polisi ndipo nikauliza.